Midundo ya mwili wakati wa kukimbia

Midundo ya mwili wakati wa kukimbia ni mienendo mitatu inayojirudia ndani ya mtu anayekimbia: mapigo ya moyo, upumuaji na hatua za miguu. Kila mdundo una chanzo chake na kasi yake. Hata hivyo, kwa kuwa yote mitatu imo katika mwili mmoja, huathiriana: hatua hutikisa kifua na tumbo, pumzi hubadilisha shinikizo ndani ya kifua, na misuli ya miguu husukuma damu kurudi moyoni kila inapokaza.

Wakati mwingine midundo miwili huoana, yaani hwenda pamoja kwa uwiano wa namba nzima, kwa mfano hatua nne kwa kila pumzi moja. Kuoana huko huja na kupotea, wala si lazima ili mtu akimbie vizuri. Kati ya midundo hiyo mitatu, mkimbiaji anaweza kuongoza miwili tu kwa hiari yake, ambayo ni hatua na pumzi. Moyo haupokei amri ya moja kwa moja; mtu huuongezea au kuupunguzia kazi kwa kubadilisha mwendo wake. Kuelewa tofauti hiyo humsaidia mkimbiaji kupanga mazoezi yake na kutambua mapema dalili za hatari.

Viwango vya kawaida

Viwango hutofautiana kulingana na umri, afya, mazoezi na mwendo. Kwa mtu mzima mwenye afya, makadirio ya kawaida ni haya:

- Moyo: mapigo 60 hadi 100 kwa dakika anapokuwa ametulia. Wanariadha wa mbio ndefu wanaweza kuwa na mapigo chini ya 60, na wengine hukaribia 40. Katika mbio kali mapigo ya kijana yanaweza kufika 180 hadi 200.
- Upumuaji: pumzi 12 hadi 20 kwa dakika anapokuwa ametulia, na 40 hadi 60 katika mbio kali.
- Hatua: takriban 150 hadi 190 kwa dakika anapokimbia, kila mguu unaogusa chini ukihesabiwa kuwa hatua moja.

Hatua ndizo zinazobadilika kidogo kuliko midundo mingine mtu anapoongeza kasi. Sababu ni kwamba kasi ya mkimbiaji hutokana na idadi ya hatua ikizidishwa kwa urefu wa kila hatua, na kwa sehemu kubwa watu huongeza kasi kwa kurefusha hatua. Mwanafunzi anayekimbia kilomita moja kwa dakika 6 husafiri mita 167 hivi kwa dakika. Akipiga hatua 165 kwa dakika, kila hatua ina urefu wa mita moja. Kelvin Kiptum wa Kenya, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, alisafiri wastani wa mita 350 kwa dakika. Kama mtu angetaka kwenda kwa kasi hiyo kwa hatua 180 kwa dakika, kila hatua ingepaswa kuwa na urefu wa mita 1.94 hivi. Kasi ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanafunzi, lakini idadi ya hatua imeongezeka kwa 15 tu.

Chanzo cha kila mdundo

Mapigo ya moyo huanzia ndani ya moyo wenyewe. Katika ukuta wa atiria ya kulia kuna kundi la seli zinazotoa ishara za umeme bila kuamrishwa na ubongo. Zikiachwa peke yake, seli hizo zingeupigisha moyo takriban mara 100 kwa dakika. Mtu anapokuwa ametulia, neva iitwayo vagasi hufanya kazi kama breki na kupunguza kasi hiyo. Mbio zinapoanza, kwanza breki hiyo huachiliwa, kisha neva nyingine pamoja na homoni ya adrenalini huongeza mapigo zaidi.

Upumuaji huongozwa na vituo vilivyo katika shina la ubongo. Vituo hivyo hufanya kazi hata mtu akiwa usingizini, lakini kwa muda mfupi vinaweza kutawaliwa na hiari, kama mtu anapozungumza, anapoimba au anapopiga mbizi.

Hatua huongozwa na ubongo pamoja na mitandao ya neva iliyo katika uti wa mgongo. Umbo la mwili pia lina nafasi yake. Mguu wa mkimbiaji hufanya kazi kama springi: hubonyea unapotua na kurudisha sehemu ya nguvu unapoinuka. Kwa hiyo kila mtu ana idadi ya hatua inayomgharimu nguvu kidogo zaidi, na mara nyingi huifuata bila kufundishwa.

Mwanzo wa mbio

Mtu anapoanza kukimbia, moyo na pumzi huongezeka mara moja, kabla damu haijaonyesha upungufu wowote wa oksijeni. Jambo hilo lilielezwa na wanasayansi wa Denmark August Krogh na Johannes Lindhard mwaka 1913. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ubongo, unapoituma misuli kufanya kazi, hutuma pia taarifa kwa vituo vya moyo na pumzi. Neva za misuli na viungo nazo hurudisha habari kwamba miguu imeanza kwenda.

Baada ya hapo kemia ya damu hurekebisha hesabu. Kaboni dioksidi inayotengenezwa na misuli, asidi na joto huvifanya vituo vya ubongo viongeze au vipunguze pumzi hadi zilingane na mahitaji. Ndiyo maana dakika za mwanzo za mbio huweza kuwa ngumu kuliko zile zinazofuata, na ndiyo maana wakimbiaji hupasha mwili moto kabla ya kushindana.

Maana ya kuoana kwa midundo

Mwaka 1665 mwanasayansi wa Uholanzi Christiaan Huygens aliona kwamba saa mbili za pendulo zilizotundikwa kwenye boriti moja ziliishia kuyumba kwa mdundo mmoja, kila moja upande ulio kinyume na mwenzake. Hakuna aliyeziongoza. Mitikisiko midogo iliyopita katika boriti ilitosha kuzifanya zikubaliane.

Mfano huo unaonyesha mambo mawili yanayohitajika ili midundo ioane. La kwanza ni kiungo kinachopitisha athari kutoka mdundo mmoja hadi mwingine. La pili ni kasi zinazokaribiana, au zinazokaribia uwiano wa namba ndogo kama 2:1 au 3:1. Katika mwili wa mkimbiaji viungo hivyo ni kiwiliwili kinachotikisika, damu inayosukumwa na neva zinazopeleka habari. Athari zake si kubwa sana, hivyo midundo huweza kuoana kwa muda na kuachana tena mtu anapopanda kilima au kubadili mwendo.

Pumzi na hatua

Uhusiano ulio wazi zaidi ni ule wa pumzi na hatua. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani Dennis Bramble na David Carrier walichapisha uchunguzi kuhusu upumuaji wa wanyama wanaokimbia. Farasi anapokwenda shoti, huvuta na kutoa pumzi mara moja kwa kila mzunguko kamili wa miguu yake. Miguu ya mbele inapopokea uzito, kifua hubanwa, na viungo vya tumboni husogea mbele na nyuma kama pistoni. Mnyama huyo hana uhuru mkubwa wa kuchagua pumzi yake akiwa katika mbio hizo.

Binadamu hukimbia akiwa wima kwa miguu miwili, na kifua chake hakibebi uzito wa kutua kwa njia hiyo. Kwa hiyo ana uwiano wa aina nyingi. Bramble na Carrier waliona kwa wakimbiaji uwiano wa 4:1, 3:1, 5:2, 2:1, 3:2 na 1:1, na ule wa 2:1 ndio uliotumiwa zaidi. Namba ya kwanza ni mizunguko ya miguu, na mzunguko mmoja ni hatua mbili, ya kulia na ya kushoto. Mtu mwenye hatua 180 kwa dakika ana mizunguko 90. Akifuata uwiano wa 2:1, atavuta pumzi 45 kwa dakika, yaani pumzi moja kwa kila hatua nne.

Namba hizo zisichanganywe na zile zinazotumiwa na makocha. Kocha anaposema "3:2", kwa kawaida ana maana ya kuvuta pumzi kwa hatua tatu na kuitoa kwa hatua mbili. Hapo pumzi nzima huchukua hatua tano, na mtu mwenye hatua 180 atapumua mara 36 kwa dakika. Wanaopendelea mpangilio huo husema kwamba, kwa kuwa hatua tano si namba shufwa, mwanzo wa kutoa pumzi huangukia mguu wa kulia na wa kushoto kwa zamu. Ushahidi kwamba mpangilio huo huzuia majeraha bado ni mdogo.

Kutua kwa mguu kunaweza kusaidia au kuzuia pumzi kidogo. Mguu unapogusa ardhi, mwili hupokea nguvu ya takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na viungo vya tumboni huendelea kushuka kwa muda mfupi sana. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, huathiriwa na mtikisiko huo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 na Monica Daley, Bramble na Carrier ulionyesha kwamba wakati wa kutua, ukilinganishwa na mwanzo wa kuvuta au kutoa pumzi, hubadilisha mtiririko wa hewa kwa wakimbiaji.

Mfano unaojulikana na wengi Afrika Mashariki ni mchakamchaka, mbio za pamoja zinazoambatana na nyimbo shuleni na katika kambi za mafunzo. Kiongozi huimba na kundi huitikia, huku miguu ikitua kwa pamoja. Kuimba ni kutoa pumzi kwa muda mrefu na kuvuta kwa haraka katika nafasi iliyoachwa. Hivyo wimbo huweka hatua na pumzi za kundi zima katika mpangilio mmoja. Pia huzuia mwendo usiwe mkali mno, kwa sababu anayeishiwa pumzi hushindwa kuitikia.

Moyo na pumzi

Kwa mtu aliyetulia, moyo huongeza kasi kidogo anapovuta pumzi na kuipunguza anapoitoa. Mwanafiziolojia wa Ujerumani Carl Ludwig alirekodi mabadiliko hayo mwaka 1847. Kwa kiasi kikubwa hutokana na neva vagasi, ambayo breki yake hulegea wakati wa kuvuta pumzi. Kwa vijana mabadiliko hayo huwa makubwa zaidi, nayo si ugonjwa.

Mtu anapokimbia kwa nguvu, breki ya vagasi huwa imeachiliwa, hivyo tofauti hiyo hupungua sana. Uhusiano unaobaki ni wa kimaumbile zaidi. Kila pumzi inayovutwa hupunguza shinikizo ndani ya kifua, na kiwambo kinaposhuka huongeza shinikizo tumboni. Tofauti hiyo huvuta damu ya veni kuelekea moyoni. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo husukuma lita 5 hivi za damu kwa dakika. Katika mbio kali kiasi hicho hufika lita 20 au zaidi, na mapafu yanaweza kupitisha zaidi ya lita 100 za hewa kwa dakika.

Moyo na hatua

Misuli ya miguu ni pampu ya pili ya damu. Inapokaza hubana veni, na vali zilizo ndani ya veni huzuia damu isirudi chini. Mkimbiaji akisimama ghafla baada ya mbio kali, pampu hiyo husimama wakati mishipa ya miguu bado imepanuka. Damu hukusanyika miguuni, shinikizo hushuka, na anaweza kupata kizunguzungu au kuzimia. Kwa sababu hiyo anayemaliza mbio hushauriwa kutembea kwa dakika chache badala ya kukaa chini papo hapo.

Katika mbio za kasi, mapigo ya moyo na hatua hukaribiana sana kwa idadi. Hapo inawezekana kila pigo kuangukia mahali pamoja katika kila hatua. Wakati ventrikali zinapolegea, moyo hujaa damu, na misuli ya moyo wenyewe hupata sehemu kubwa ya damu yake. Watafiti wamechunguza kama kutua kwa mguu wakati huo wa kulegea hupunguza kazi ya moyo kuliko kutua wakati moyo unasukuma damu. Baadhi ya matokeo yameonyesha nafuu ndogo.

Kwa kawaida lakini midundo hiyo hupishana. Tuseme moyo unapiga mara 176 na miguu inatua mara 180 kwa dakika. Tofauti ni 4 kwa dakika, hivyo kila sekunde 15 hatua hulitangulia pigo kwa mzunguko mzima, kisha mpangilio huanza upya. Ni hesabu ileile ya noti mbili za muziki zinazokaribiana ambazo zikipigwa pamoja sauti yake huvuma na kufifia kwa zamu.

Kukaribiana huko huleta pia kosa la vipimo. Saa nyingi za mkononi hupima mapigo kwa kumulika ngozi na kusoma mabadiliko ya damu iliyo chini yake. Mkono unaporushwa kwa kila hatua, damu hiyo hutikisika kwa mdundo wa miguu, na saa inaweza kuhesabu hatua ikidhani ni mapigo. Mtu anayekimbia polepole akiona 170 tangu dakika za kwanza, ingawa anazungumza bila shida, anaweza kuogopa bure. Kinyume chake ni hatari zaidi: anayeamini namba isiyo sahihi anaweza kujilazimisha kupita uwezo wake. Njia rahisi ya kuhakiki ni kusimama, kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo hausumbuliwi sana na tatizo hilo.

Mambo yanayotenganisha midundo

Mtu anaweza kudumisha hatua zilezile huku moyo na pumzi zikibadilika.

- Joto: katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, hewa yenye unyevu huzuia jasho lisikauke upesi. Damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, na maji hupotea kwa jasho. Kila pigo husukuma damu kidogo zaidi, hivyo moyo huongeza mapigo ingawa mwendo haujabadilika.
- Mwinuko: huko Iten nchini Kenya, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la oksijeni katika hewa ni kama robo tatu ya lile la pwani. Mgeni anayekimbia huko kwa mwendo aliouzoea hupumua na kupigwa moyo zaidi.
- Kilima: hatua hufupika, lakini mahitaji ya oksijeni huongezeka.

Kwa hiyo hatua pekee hazionyeshi ugumu wa kazi.

Matumizi katika mazoezi

Kipimo rahisi cha ugumu ni mazungumzo. Anayeweza kusema sentensi nzima yuko katika mwendo wa wastani. Anayeweza kutoa maneno mawili au matatu tu yuko katika mwendo mkali.

Kanuni ya 220 kutoa umri hutumiwa kukadiria mapigo ya juu kabisa. Kwa mtu wa miaka 60 hutoa 160. Kanuni nyingine, 208 kutoa 0.7 ya umri, humpa mtu huyohuyo 166. Zote mbili ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kutofautiana nazo kwa mapigo 10 au zaidi.

Mwaka 1984 kocha wa Marekani Jack Daniels alihesabu hatua za wakimbiaji katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, na karibu wote walipiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Tangu hapo wengi wameichukua namba hiyo kuwa sheria. Lakini wale walikuwa wanariadha bora wakiwa mashindanoni. Mtu mrefu anayekimbia polepole huwa na hatua chache zaidi bila kosa lolote.

Vilevile hakuna haja ya kulazimisha pumzi ziingie na kutoka puani tu. Pua hutosha katika mwendo mdogo. Mahitaji yanapozidi, mdomo hufunguka wenyewe. Kuzuia pumzi ili kufuata hesabu fulani huongeza kaboni dioksidi katika damu na kumfanya mtu ahisi kukosa hewa. Mpangilio wa pumzi unafaa kama unaleta utulivu. Ukileta shida, uachwe. Mkimbiaji anayepatwa na kichomi, yaani maumivu makali chini ya mbavu, mara nyingi hupata nafuu akipunguza mwendo na kupumua kwa kina.

Jaribio la darasani

Wanafunzi watatu wanaweza kuchunguza midundo hii kwa saa yenye mshale wa sekunde tu. Mmoja hukimbia, wa pili hutazama saa na wa tatu huhesabu. Kwanza mkimbiaji hupimwa mapigo na pumzi akiwa amekaa. Kisha hukimbia polepole kwa dakika 3 huku hatua zake zikihesabiwa katika dakika ya mwisho. Anaposimama, mapigo huhesabiwa mara moja kwa sekunde 15, kwa sababu moyo hupungua kasi upesi. Jaribio hurudiwa kwa mwendo mkali zaidi baada ya mapumziko. Kwa kawaida wanafunzi huona kwamba mapigo na pumzi zimepanda sana, ilhali hatua zimepanda kidogo. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au homa asikimbie. Yeye anaweza kuhesabu.

Tahadhari

Moyo kwenda mbio na pumzi kuwa nzito ni kawaida katika kukimbia, na hupungua ndani ya dakika chache za kutembea. Dalili zifuatazo si za kawaida: maumivu au kubanwa kifua, kuzimia wakati wa kukimbia, mapigo yanayorukaruka bila mpangilio, au kukosa pumzi kusikolingana na mwendo. Anayezipata anapaswa kuacha kukimbia na kumwona daktari, hasa kama katika familia yake kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana. Dalili hizo zisichukuliwe kuwa uvivu au ukosefu wa mazoezi, na mwalimu au kocha hapaswi kumlazimisha mwanafunzi mwenye dalili hizo kumaliza mbio.

Tazama pia

- Moyo
- Mapafu
- Mfumo wa neva
- Riadha
- Marathoni